Demetria Rweyongeza, Aliyeonjewa na Mdogo Wake

Baba padre, wafiwa, majirani wa Bunju na nyote mliofika, anayesoma hapa ni Erasmus Rweyongeza, fundi wa majokofu wa Ubungo, mdogo wake marehemu, aliyeishia darasa la saba na mengine akajifundisha mwenyewe, na maelezo haya ameyaandika kwa mkono wake, tarehe zote amezitoa kwenye vyeti na kwenye daftari la mama, kwa hiyo mwenye tarehe nyingine abaki nayo mpaka tutoke makaburini.

Dada Demetria Kokuhirwa Rweyongeza alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1964 huko Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Petro Rweyongeza, katekista, na marehemu mama Bernadeta, akimfuata kaka Gozbert na kufuatwa na Erasmus, na mama alikuwa akisimulia kwamba akiwa na miaka saba alimwambia padre mgeni mbele ya watu wote kwamba ndizi anazokula zimeshika moshi, mama akamfinya paja chini ya meza, padre akazisukuma ndizi pembeni akasema hata yeye alikuwa anaogopa kusema.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Kamachumu kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, sekondari mjini Bukoba kuanzia 1979 hadi 1982, kisha uuguzi mjini Mwanza, akahitimu tarehe 5 Desemba 1986, na Februari 1987 akapangiwa kituo cha afya huku Temeke, kitengo cha chanjo za watoto, akapanga chumba kimoja, na mwaka uliofuata Erasmus akamfuata, hana kazi, hana cheti, ana hasira tu, dada akamlaza upande wa pili wa pazia. Jokofu la chanjo lilipokufa mwaka 1989 na fundi hapatikani, dada alimkabidhi mdogo wake bisibisi akamwambia, "Fungua, limeshakufa, hutaliua mara ya pili," akalifungua, likawaka siku ya tatu, na kuanzia hapo Erasmus anakula kwa kazi hiyo mpaka leo.

Tarehe 1 Julai 1998 aliajiriwa na shirika moja la kimataifa kusimamia uhifadhi wa chanjo, akafanya kazi Addis Ababa hadi 2003, Dhaka hadi 2008, Tashkent hadi 2013, na Lima hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2019, miaka zaidi ya ishirini akiwa mgeni kwenye nchi za watu, na katika barua na simu zake zote hakuwahi kusema kwamba ni mpweke, alisema alichokula. Alikuwa akitoka kazini anaingia hoteli yoyote yenye moshi na watu, anakaa peke yake, anaagiza wanachokula wa meza ya jirani, na akimaliza anaomba kuingia jikoni, kama chakula kilikuwa kizuri amwambie mpishi, na kama kilikuwa kibaya amwambie vilevile, uso kwa uso, siyo kumtuma mhudumu, maana alikuwa akisema mpishi akidanganywa leo, kesho atawalisha wengine uchafu uleule. Wengine walimfukuza, wengine walimpa aproni, na hao waliompa aproni ndio waliomfundisha injera, ule mkate mchachu wa Addis Ababa, samaki wa haradali, wali wa Tashkent wenye kondoo na karoti, na samaki wa ndimu wa kule Lima ambaye haoni moto kabisa.

Alifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1992 na mwalimu Valerian, wakajaliwa mtoto mmoja, Clara, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1994 na sasa ni mwalimu Dodoma, na ndoa hiyo ilikwisha mwaka 2001 kwa sababu mmoja alitaka kuondoka na mwingine alitaka kubaki, hapakuwa na jingine, na mwalimu Valerian yupo, amekaa safu ya pili, amesema isomwe hivyo.

Aliporudi mwaka 2019 alihamia hapa Bunju, akajenga jiko kubwa kuliko sebule, na kila Jumamosi alimpigia Erasmus simu ajiandae, wakaenda kula Masaki kwa Waethiopia, Upanga kwa Wahindi, Kigamboni kwenye pweza, na mahali pamoja ambapo hapatatajwa waliombwa wasirudi, kwa sababu dada aliingia jikoni kumweleza mpishi kuhusu mafuta yake, mpishi akamwita dada kizee mwenye njaa, na Erasmus akasema maneno ambayo mbele ya padre hayasomeki. Nyumbani kwake ilikuwa shida nyingine, kwamba ndugu zake walikuwa hawali chakula chake, kaka Gozbert kila sikukuu akija na hotipoti lake la ndizi kutoka Kimara, analiweka mezani kama mtu aliyekuja na mwanasheria, na siku alipowekewa samaki wa ndimu alisema, "Demetria, samaki mbichi anamla paka, mie sina mkia," watu wakacheka, dada naye akacheka, akamla huyo samaki yeye na Erasmus tu na jirani yake Tunu, muuza samaki, Mmakonde wa Mtwara, ambaye yeye alikuwa akila chochote ilimradi kimetoka majini.

Mwezi Agosti 2023 alianza kulalamika maumivu ya koo, mwezi Oktoba akagundulika kuwa na saratani, na kuanzia Novemba 2023 hadi Januari 2024 akapigwa mionzi, ugonjwa ukapungua lakini mate yakakauka na ladha ikaondoka, yote, chumvi, sukari, ndimu, pilipili akaisikia kama moto tu bila pilipili. Madaktari walisema huenda ikarudi baada ya mwaka. Hakulia, au Erasmus hakumwona akilia, siku aliyotoka hospitali alimwambia tu aje Jumamosi kama kawaida, asile kwanza.

Hiyo Jumamosi, tarehe 17 Februari 2024, alimsimamisha mbele ya jiko akampa kijiko, akamwambia wewe ndiye ulimi, mimi ni mikono, na ukinidanganya hata mara moja kazi imekwisha, wakakubaliana maneno matatu, bado, tayari, na imepita, hakuna mengine, maana dada hakutaka kusikia tamu, alisema tamu ni neno la mtu anayetaka kwenda nyumbani. Erasmus mwanzoni alisema bado kwa kila kitu kwa sababu hakuwa anajua anachotafuta, dada akamfokea, na yeye akafoka, Tunu akawa anasikia kelele kutoka kwake akipita anauliza, "Nyie, mnapika au mnagombea mirathi?" lakini kufikia mwezi wa sita Erasmus alikuwa anaweza kujua bizari nyembamba iliyoungua kabla haijafika mdomoni. Alikuwa akionja huku ameangalia dirishani, kwa sababu dada alikuwa akimsoma uso. Kwa miezi kumi na minne walipika hivyo nchi zote nne, na dada alikuwa akikaa mezani na bakuli lake la uji, anawaangalia wanaokula, Erasmus na Tunu na yeyote aliyepita, na hakuna hata siku moja aliyodanganywa. Hilo Erasmus anaweza kuliapia.

Mwezi Machi 2025 ugonjwa ulirudi, na safari hii madaktari walisema wazi, na dada akasema Pasaka anataka ndugu wote wale kwake, na kwamba hotipoti likionekana getini atalifunga geti. Sehemu inayofuata kaka Gozbert aliomba itolewe. Haikutolewa, Clara aliisoma jana akasema isomwe.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 2025, dada alipika wali wa Tashkent kwenye sufuria la watu thelathini, kilo sita za kondoo, karoti alizikata vijiti mwenyewe tangu asubuhi akiwa amekaa kwenye kigoda kwa sababu kusimama kulimshinda, na saa sita Erasmus akaonja, akasema tayari, na ilikuwa tayari kweli, akatoka kwenda kupanga viti. Dawa alizokuwa anatumia dada wakati huo zilikuwa zinamsahaulisha. Akiwa peke yake jikoni alitia chumvi tena, huenda mara moja, huenda mara mbili, hakuna aliyekuwepo, akafunika, na saa saba watu wakapakua, kaka Gozbert akiwa wa kwanza, mikono mitupu, bila hotipoti kwa mara ya kwanza tangu nyumba hii ijengwe.

Erasmus aliweka tonge moja mdomoni akajua. Aliinua macho akaona kila mtu amejua, watu kumi na tisa, vijiko vimesimama, na dada ameshika mwimo wa mlango wa jikoni, kilemba kimelegea, amebaki kilo arobaini na moja, anamwangalia yeye tu, anauliza, "Erasmus, vipi?"

Mtu huyu anayesoma hapa amegombana na wateja wake kwa kuwaambia ukweli kuhusu majokofu yao, amegombana na bosi, amegombana na mjumbe wa mtaa, mke wake yule pale anajua, na hata alipoposa alimwambia mkwe wake kwamba ng'ombe wa mahari aliyemleta mwenyewe ana kikohozi. Siku hiyo akasema, "Imekaa vizuri, dada."

Halikuwa neno lao. Dada akaendelea kumwangalia, ndipo kaka Gozbert, kwa wema, akanyoosha sahani akasema aongezewe, na wengine wakafuata, wakila wote, wakishushia maji, wakisifia, shangazi akasema hajawahi kula pilau ya namna hii, na hilo lilikuwa kweli, dada akaanza kutabasamu kidogo, akasema karoti ndizo zenye kazi, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Ingeishia hapo. Lakini Tunu alikuwa bado sokoni, alifika saa nane na nusu, hakuwepo wakati watu wanaamua kunyamaza, akavua viatu, akanawa, akatia mkono kwenye sinia, akapiga kelele, "Haa! Dada, hii chumvi au bahari? Nimeiacha Msasani nimeikuta huku!" akacheka, akatafuta wa kucheka naye, hakumpata.

Dada hakumwangalia Tunu. Alimwangalia Erasmus, akasema, "Kumbe nimeshakufa, Erasmus, na hamjaniambia." Kisha akainuka mwenyewe, akaenda chumbani, na watu wakaanza kuosha vyombo kwa sauti kubwa.

Kuanzia siku hiyo hakupika tena. Jumamosi iliyofuata Erasmus alifika saa tatu kama kawaida, akamsalimia shikamoo, dada akaitikia marahaba vizuri tu, akamuuliza habari za Ubungo, za mke, za kazi, kama anavyoulizwa mgeni, na kile kijiko kilikuwa kimerudishwa kwenye droo pamoja na vingine. Alikwenda Jumamosi saba. Kila akiwa kwenye basi kwenda Bunju alikuwa amejipanga atakachosema, na kila alipoketi pembeni ya kitanda alizungumzia mvua, umeme, barabara ya Bagamoyo, dada akisema ndiyo, ndiyo, na tarehe 3 Juni akawekewa mpira wa kulishia, na kuongea kukawa kwa kuandika kwenye karatasi, na kwenye karatasi hizo, ambazo Clara amezihifadhi, hakuna neno kuhusu chakula.

Dada Demetria alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, hapa nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na moja, mbele ya Clara na Tunu, Erasmus akiwa Ubungo juu ya ngazi na jokofu la mtu wazi, na aliposhuka na kusoma ujumbe alipanda tena akamalizia kufunga skrubu, na mpaka sasa hajui kwa nini. Ameacha mtoto mmoja, kaka mmoja na mdogo mmoja, na atazikwa hapahapa Bunju kama alivyoandika, ukoo umeshajadili, yamekwisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu na kumwambia ukweli kila hatua, inawashukuru wenzake wa kazi waliotuma salamu kutoka Dhaka na Lima, tumezisoma zote na zote zinamtaja akiwa jikoni kwa mtu, inamshukuru baba padre, majirani wa mtaa huu waliotoa viti na maturubai, akina mama walioko nyuma kwenye masufuria tangu juzi, na kwa namna ya pekee dada Tunu, aliyemwogesha na kumgeuza kwa wiki saba, na ambaye amekuwa akiomba msamaha kila siku tangu Pasaka, tunamwambia mbele ya watu kwamba siku ile kwenye nyumba hii alikuwepo mtu mmoja tu aliyemheshimu marehemu, na ni yeye.

Dada, shikamoo. Ule wali ulikuwa umepita. Chumvi ilizidi sana, nyama ya upande wa chini ilikuwa imeanza kushika, karoti zilikuwa tayari kabisa, sijawahi kuonja karoti kama zile. Pumzika salama, Demetria.