Vidonge vya Gundi

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya kibanda cha kinyozi, na Gundi, fundi viatu, ndiye aliyekuwa anakaa mwishoni. Alipovunjika mguu tulipanga zamu za kwenda kumwona, na hakuna aliyekwenda mikono mitupu. Mguu ukaunga, kichwa kikaharibika. Akawa anakunywa maji hayamtoshi, choo kikagoma, akatapika, akaanza kumwita mkewe kwa jina la mama yake. Jana kaka zake walimpeleka hospitali hajitambui, na leo sisi tumeamka na kahawa, kila mtu na hukumu yake.

Redio, anayeitwa hivyo kwa sababu hazimiki, ndiye aliyeanza.

— Yule kalishwa kitu.

— Na nani? kinyozi akauliza, ilhali anajua.

— Aliyekuwa anampikia ni nani?

Breki, dereva mstaafu, akasema kiu ile si bure, ni ya mtu anayezima moto tumboni. Kinyozi akadai mwanamke alikitaka kibanda cha viatu cha mumewe. Redio akapanda juu zaidi: kuna sumu ya kisasa, inaanzia kwenye choo inamalizia kwenye akili, na haionekani kwenye vipimo. Hatukumwuliza kaitoa wapi. Maneno hayohayo ndiyo tuliyokuwa tumewapelekea kaka zake Gundi alipoanza kuugua, wakamtoa shemeji yetu, mkewe Gundi, nje na begi lake.

— Lakini alizidiwa baada ya mkewe kuondoka, nikasema.

— Sumu ilikuwa imeshazama, Redio akajibu, akajimiminia kikombe kingine.

Hapo ndipo mwenyewe alipotokea, mke wa Gundi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alitusalimu vizuri kuliko tulivyostahili.

— Nimetoka hospitali, shemeji zangu. Wamempima damu, ina kalsiamu nyingi kupita kiasi, yale madini ya mifupa. Ndiyo iliyomvuruga akili na kumfunga choo. Sasa figo nazo zinagoma.

— Imetoka wapi? Breki akauliza kwa sauti ndogo.

— Daktari anasema vidonge vya mifupa, na vile vyeupe vya kutafuna vya kiungulia, na maziwa juu yake. Kaka zake wamevikuta nyumbani, chini ya godoro lake.

Breki ndiye aliyempelekea vya mifupa. Nami nikampelekea kopo kubwa zaidi, kwa sababu sikutaka Breki anishinde. Vilipoanza kumchoma kifua, kinyozi akampa vya kiungulia. Redio alileta maziwa, pamoja na matone ya vitamini ili vidonge vishike. Na sote, kila mtu kwa zamu yake, tulimnong'oneza avifiche: asile kitu cha mkewe, ale vya kwetu tu.

— Daktari anataka kujua alikuwa anameza vingapi kwa siku, na tangu lini, akasema. Kaka zake hawajui. Mimi sikuwepo. Nyinyi ndio mliokuwa mnakuja. Vingapi, shemeji zangu?

Kila mmoja alijua vya kwake tu, na hata hivyo hakuvitaja. Shemeji alisubiri jibu amesimama palepale, na hakuna aliyesogea kumpa nafasi akae.