Mawe ya Baba Minza

Wapendwa, sifa zimrudie Bwana! Mnivumilie, sijazoea kusimama mbele, na tangu asubuhi nakaa nainuka kama mtu aliyekalia siafu.

Mimi ni Mama Minza, mjane, wa hapa hapa Rwamgasa. Marehemu mume wangu alikuwa mchimbaji mdogo. Mnajua mambo ya maduara, yale mashimo ya dhahabu: mchimbaji hurudi nyumbani na mgawo wake wa mawe kwenye viroba, kisha huyapeleka yakasagwe na kuoshwa, ndipo ajue kama kuna dhahabu. Baba Minza alileta viroba vyake vya mwisho, akavipanga chumbani, akaugua, akafariki.

Ndugu zangu, sikuvigusa. Majirani wakiuliza, nasema nasubiri bei ipande. Uongo mtupu. Jiwe ambalo halijasagwa lina dhahabu bado. Ukilisaga, utajua, na mimi sikutaka kujua. Halafu yale mafundo ya kamba aliyafunga yeye kwa mikono yake.

Basi roho ile ya kung'ang'ania vitu ikaalika wenzake. Mabuti yaliyotoboka, tochi za kichwani zilizokufa, madumu yasiyo na vifuniko, vyote ndani. Nikitaka kutupa kitu, nakirudisha: je, kesho nikikihitaji? Nikienda sokoni narudi mbio, nawaza kuna mtu ameingia. Nikafunga na kuomba Mungu aniletee amani, na nyumbani hata pa kuiweka sina!

Ndipo Minza, binti yangu wa pekee, akaja kutoka kwa mumewe kule Segese na kichanga chake, nimlee uzazi. Nikamtandikia godoro katikati ya viroba. Mchana mmoja alimtoa mtoto nje kumwogesha. Kiroba kikapasuka, mawe yakaporomoka palepale kichwa cha mtoto kilipokuwa.  Minza alianza kukunja khanga zake.

"Mayu," akaniambia mimi mama yake, "narudi kwa mama mkwe."

"Nitavisogeza, mwanangu."

"Unavisogeza tangu msiba. Chagua, mayu, sisi au mawe."

Nilipiga magoti juu ya mawe yale yale. Sikuomba vizuri. Nilisema tu, Yesu, nitoe humu, mwenyewe siwezi. Kisha nikaenda kuwaita kina mama wa kwaya kabla sijabadili mawazo.

Makorokoro tukayatupa, mawe yote tukayapeleka yakasagwe. Mwaloni, pale wanapoosha, nilisimama nikiuma kucha huku mwoshaji akizungusha karai. Akaniangalia, akasema, "Pole, mama. Hamna kitu."

Siku ya mazishi sikulia, wapendwa. Watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu. Pale mwaloni nililia mpaka kina mama wakanishika mabega. Mume wangu alikuwa amekufa, na ndiyo kwanza nilikuwa najua.

Sijapona kabisa, sitawadanganya. Jana nimeokota kifuniko cha dumu, nikakizungusha mkononi hadi Minza akakohoa. Nikakitupa. Minza hakuondoka siku ile, alikaa hadi nguvu zikamrudia, ndipo akarudi kwa mumewe, na wiki hii amekuja na mtoto kunisalimia.

Ndugu yangu, kama kuna chumba unaogopa kukigusa, mwite Yesu aingie nawe, hata kama unatetemeka. Mimi natetemeka hadi sasa, lakini namshukuru. Mjukuu wangu anatambaa. Asubuhi ametoka mlangoni mpaka ukutani, chumba kizima, na hakuna aliyelazimika kumwinua avuke kiroba.