Ng'ombe wa Mzee Hhando

Bibi Bernadina alikuwa amekaa juu ya gunia lake la mbaazi, ndani ya lori lililotoka Karatu kwenda Endamarariek. Mbele yake walikaa mzee Hhando, mfugaji, na mnunuzi wa kiwanda cha nyama aliyepanda na viatu vinavyong'aa, kama vile hajui vumbi la njia ile.

"Ugonjwa wa sotoka umeshafika Ngorongoro, mzee," mnunuzi alisema. "Niuzie kundi lote sasa, kabla hujabaki na ngozi tupu."

"Kundi lipi, mwanangu? Zizini nina jike mmoja na ndama wake. Wengine nimewaweka kwa marafiki, Baray, Mang'ola, Endamarariek, mpaka Mbulu. Wao wanakamua, ndama ni wangu. Ugonjwa ukiingia boma moja, mengine yapo."

"Na rafiki akikuambia ng'ombe amekufa, kumbe amemla?"

"Ataniletea ngozi, niione alama yangu."

Mnunuzi alicheka. "Hayo ya zamani. Mbele ni kiwanda tu, ninyi wafugaji wadogo mtakwisha."

"Kiwanda chenu kinafuga ng'ombe?"

"Hakifugi. Kinanunua."

"Basi kituombee uzima," alisema Hhando, akajifunika blanketi lake vizuri.

Mnunuzi alimgeukia Bibi Bernadina. "Na wewe mama, huna hata mmoja wa kuniuzia?"

Lori lilisimama Endamarariek. Bibi alivuta gunia lake taratibu.

"Ninaye, mwanangu, mwekundu, ana maziwa mazuri sana," alisema akishuka, akimtupia jicho mzee Hhando. "Ila si wangu."