Kibuyu Yenye Nilimunyima Mudogo Wangu

Bandugu zangu, bamama na bapapa ba kikundi yetu ya sukari, munivumilie niseme nikiwa ku kiti, juu muguu yangu hapana penda kusimama murefu. Président wetu aliniambia nikuje kusema namna nilipona. Mais miye sijapona. Sisi wote hapa tunajua sukari inakaaka tu na mutu mu nyumba yake. Kwa hiyo nitasema juu ya kintu ingine yenye nilikuwa nayo, mubaya kupita sukari. Ni wivu. Munacheka? Ngojeni kwanza.

Miye ni muuzisha maharagi hapa Butembo. Ni kazi ya kukaa. Ule mwaka, kiu ikanikamata, ile kiu yenye munaijua. Natuma sucré, soda ya baridi, nakunywa chupa muzima, dakika kidogo kinywa inakauka tena, natuma ingine. Na kukojoa! Misa ya dimanche nilikuwa natoka mara tatu, mpaka mama mumoja wa ku banc yetu akaniuliza polepole kama niko na mimba. Na hii umri yangu! Kiisha macho ikaanza kuwa na ukungu. Siku moja mama akaniomba maharagi nyekundu, nikamupimia nyeupe, akanipigia makelele mbele ya soko yote. Njo nikaenda ku santé.

Infirmier akanitoboa kidole, akaangalia mashini yake, akavuta kiti, akakaa mbele yangu. Mutu wa santé akikaa chini mbele ya kukuambia kintu, ujue haiko muchezo. Akasema: "Mama, uko na diabète." Akanikunja bidole ya mukono, akaniambia niangalie ngumi yangu mwenyewe: "Bugali isipite hii." Sukari mu chai, hapana. Sucré, hapana. Kasikisi, ile pombe yetu ya ndizi, hata tone moja hapana. Vidonge asubui na jioni. Nikamuuliza: "Sasa miye nitakula nini?" Akajibu na furaha yote: "Lengalenga, mama! Sombe! Na maharagi yako mwenyewe, na kipimo." Lengalenga na sombe, majani tupu ya muchicha na ya muhogo! Nikarudi ku nyumba nalia mu njia sawa mutu mwenye ametoka ku matanga.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, kintu yenye iliniuma haikukuwa ile ugonjwa. Ilikuwa binywa ya batu bengine. Bwana yangu anawekaka bijiko ine ya sukari mu chai. Ine! Na anakorogaka murefu, na kelele, huku anasikiliza radio. Miye niko pale na chai yangu ya bure, bila sukari, namuangalia. Eko na tumbo mbele, hatembei, mais mashini inasema eko muzima. Nikaanza kumuhesabia: "Papa, ile ni ya tatu." Kiisha nikakamata sukari yote, nikaificha mu sanduku, chini ya maliputa, bitenge yangu ya kuvaa. Nikaambia batoto ni kwa afya ya nyumba. Bongo, uongo mutupu! Ilikuwa wivu. Bwana yangu akatafuta sukari siku mbili, siku ya tatu akaanza kwenda kunywa chai kwa jirani. Jirani mwenyewe akakuja kuniuliza kama mu nyumba yetu kumeingia vita.

Mais ile yote ilikuwa kidogo. Wivu yenyewe, ile kubwa, ilikuwa ya mudogo wangu.

Niko na mudogo wangu wa kike, eko Beni, mu commune ya Ruwenzori. Anafanyaka biashara ya Kasindi, kule ku mupaka ya Uganda: mafuta, biscuits, bintu kama bile. Ni mwanamuke munene, muzuri, anacheka na sauti, na anakula. Yesu wangu, ule mutu anakulaka! Miye tangu utoto niko mwembamba, batu banasema upepo itanibeba. Sasa muniambie: kati ya sisi mbili, sukari ingeenda kwa nani? Ikanichagua miye.

Alikuwa anakuja kunitembelea, anakula bugali yake, anamaliza, anasema: "Yaya, hii yako hauimalize? Leta." Anakunywa sucré, anapanguza kinywa, anaguna vizuri. Na hakujua kintu, juu sikukuwa nimemuambia. Ningemuambia nini? Kwamba miye mukubwa ninapimiwa bugali sawa mutoto? Nikamuambia tumbo inanisumbua. Na siku moja, bandugu, niliingia mu kanisa, nikapiga magoti ku banc ya mbele, nikasema: "Mungu, na yeye umuguse. Kidogo tu." Munaona aibu? Na miye niko naona aibu. Mais nilisema vile, na nilisema "amina".

Kiisha kaka yetu wa Beni akapiga simu. Binti yake wa kwanza anaolewa, dot, ile sherehe ya mahari, itafanyika mwisho ya mwezi. Munajua miye nakuwa nani pale: songali, shangazi mukubwa, dada ya baba. Na mu jamaa yetu, bakwe bakifika na kasikisi yao, kibuyu ya kwanza inakuja mu mikono ya songali. Anakunywa mbele ya batu bote, mpaka chini, njo bigelegele inapigwa na mambo inaanza. Kama songali mukubwa hawezi, inaenda kwa mwenye anamufuata. Na yule ananifuata, munamujua sasa.

Kaka aliniambia mu simu: "Mudogo wako anasema uko unakonda. Kama hauko muzuri, yeye anaweza kukaa mahali pako." Moyo yangu ikawaka. Nikasema ndani yangu: aha! Amekula bugali yangu, sasa anataka kula na kiti yangu. Nikajibu kaka: "Miye niko muzima kabisa. Nitakunywa."

Mbele ya siku ile nikafanya bujinga mbili. Ya kwanza, nikaacha vidonge ku Butembo. Nilisema, bamama ba jamaa bakiniona nameza dawa, habari itafika Kalunguta, kule ku njia ya Butembo, mbele ya jua kulala. Ya pili, nikavaa biatu mupya, ya kufunga, ya nguvu, nipendeze kupita mudogo wangu. Miguu yangu wakati ile ilishaanza kuwa baridi, hapana sikia muzuri. Kiatu ikanikula kidole ya mwisho siku nzima, na miye najua niko natembea tu.

Bakwe bakafika, bakaimba ku mulango, bakaingia na mbuzi. Nikakaa mu kiti ya songali, liputa mupya, shingo juu. Kibuyu ikakuja. Mudogo wangu alikuwa ku kando yangu. Akainama ku sikio yangu, akasema: "Yaya, nipe miye ninywe. Bwana yako aliniambia uko na sukari. Nipe, hakuna mutu atasema kintu."

Sasa musikilize namna wivu inafanyaka mutu kuwa kiziwi. Alinisemesha juu ya sukari yangu, na miye nikasikia mbuzi. Juu songali mwenye kunywa, ile mbuzi moja ni yake. Na haikukuwa hata nyama: ilikuwa jina, ilikuwa batu kusema "huyu njo songali". Nikamuangalia ile shavu yake muzuri, nikamuambia polepole, mais na sumu yote: "Wewe unakulaka bintu yote. Hii hautaikula."

Nikakunywa mpaka chini.

Bigelegele, bandugu! Bakwe bakapiga mikono. Na ilikuwa tamu. Sitawadanganya mu kikundi hii: ilikuwa tamu sana, na kinywa yangu haikukuwa imeonja kintu vile tangu miezi. Nikaongeza. Nikakunywa na sucré. Nikakula gateau, ile keki, nikacheza. Kila fois namuona mudogo wangu ananiangalia, nakunywa tena, juu aone. Ile muchana, kiu ikarudi, sura ya batu ikakuwa sawa maji. Nikaanguka pale pale mu batu, liputa yangu mupya chini ya miguu ya bakwe. Songali muzima!

Nilifungua macho ku hôpital. Baliniambia mashini ilishindwa kuhesabu sukari yangu, iliandika tu kwamba imepita kipimo. Na baliponivua kiatu, kidole ya mwisho ilikuwa na kidonda na soksi imekamatana nayo. Ikaoza. Nyuma ya siku kidogo docteur akaikata. Miye nilikuwa nakata roho juu ya kiti ya heshima, sasa niko nalia juu ya kidole.

Nani alikuwa pale? Bwana yangu alifika, ndiyo, mais mutu mwenye kunigeuza, kunitolea bassin, kunifulia, alikuwa yeye, mudogo wangu. Alifunga biashara yake ya Kasindi, akaweka mukeka chini ya kitanda yangu. Kila asubui anaosha ile muguu na maji ya chumvi yenye infirmière alimupa, anaimba polepole nyimbo ya kanisa. Miye niko naangalia ile kichwa yake imeinama ku muguu yangu, na bado, bandugu, bado ndani nilikuwa namuchukia juu alikuwa anatoka inje kula mikate na anarudi na harufu yake.

Kiisha siku moja infirmière akasema, hii ugonjwa inapendaka kutembea mu jamaa, heri tupime na huyu mudogo. Yeye akatoa kidole, anacheka, anasema: "Mama, toboa polepole, niko mwoga." Mashini ikaanza kuhesabu. Na pale nikajikuta niko naomba. Sikupiga magoti, mais niko naomba kabisa, na nguvu yangu yote: iwe juu, iwe juu, iwe juu. Mutu ameosha kidonda yangu asubui ile ile!

Infirmière akasema: "Eko muzuri. Muzima kabisa."

Nikageuka ku ukuta, nikalia. Infirmière akasema ni furaha, akatoka. Haikukuwa furaha. Nilikuwa nalia juu nimejiona. Sukari ilinikamata kidole moja, mais ile ingine ilikuwa imenikula yote, na hakuna docteur wa kuikata. Nikasema, nikinyamaza leo, nitakufa nayo. Nikamuita jina yake. Nikamuambia: "Mudogo, nilitaka iwe juu."

Hakushtuka. Alikuwa anakamua kitambaa mu bassin. Akasema: "Nilijua, Yaya. Wakati banatoboa kidole yangu, macho yako ilikuwa ku mashini. Tangu Butembo unaniangaliaka vile nikikula." Akatandika kitambaa ku magoti yake. Akasema: "Ungeniambia tu, ningekula kwa jirani. Leta muguu."

Nikamupa muguu.

Kaka yetu naye akakuja ku hôpital, nikamuomba pardon juu ya haya yenye niliwaletea mbele ya bakwe. Akatikisa kichwa. Akasema: "Dada, ungesema neno moja. Tungeweka maji mu kibuyu. Nani anaangaliaka ndani?" Nilifikiri ile maneno njia yote ya kurudi Butembo. Maji! Nilipoteza kidole juu ya kintu yenye ingewezekana na maji ya kunywa.

Sasa namna niko naishi. Asubui natembea na miguu mpaka soko, ba moto, bale ba pikipiki, bananipigia klaxon, nabakatalia, napanda mulima yangu polepole. Biatu yangu iko ya wazi na naiangalia ndani mbele ya kuvaa. Jioni mutoto wangu ananiangalilia chini ya miguu, juu miye hapana sikia muzuri. Bugali iko ngumi. Lengalenga nimeizoea, kusema naipenda ingekuwa bongo. Vidonge nameza wazi, mbele ya wageni, nikiulizwa najibu: ni sukari, papa, na wewe uende kujipimisha. Sukari ya bwana yangu ilirudi ku meza. Anaweka bijiko mbili sasa, hakuna mutu alimulazimisha. Naye nikamuomba pardon, na ile mama jirani, juu ya chai yote alimupa.

Asante kwa infirmier wetu mwenye alinionyesha ngumi, sikumusikia na hakunifukuza. Asante kwenu ba kikundi, munaniulizaka "umekula nini" na hamuongopi wenyewe. Asante kwa bwana yangu mwenye alivunja siri yangu. Nilimukasirikia sana, na alifanya vizuri. Na mudogo wangu, hayuko hapa, sitamaliza kumushukuru.

Kama kuko mutu hapa mupya, mwenye amepimwa juzi na anachukia kila mutu mwenye kushika mukate, nakuambia: usione haya, sisi wote tulipita pale. Mais usiifiche. Mwambie ule mutu ku uso yake: niko nakuonea wivu. Atakasirika ao atacheka, mais utakuwa umeitoa.

Juzi mudogo wangu alinipigia simu. Nikasikia anatafuna. Nikamuuliza: "Unakula nini?" Akasema: "Ndizi ya kuchoma, Yaya, na imeiva kabisa." Nikamuambia: "Niko na wivu." Akasema: "Najua. Enda ukule sombe yako, kiisha unipigie, niko nangoja." Nikaenda nikakula sombe yangu, nikamupigia.