Bi. Verlene Hargrove na Sahani Moja ya Pai

Marehemu Bi. Verlene Odom Hargrove alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Courtland, Alabama, mtoto wa pili wa Bwana Otis Odom, seremala, na Bi. Maybelle. Alipokuwa na miaka sita, mama yake alimtuma kurudisha bakuli kwa jirani. Alikawia hadi akafuatwa, akakutwa bado amesimama mlangoni. "Bakuli nimempa," alieleza, "lakini hajasema kama limefika zima." Nyota njema huonekana asubuhi.

Alisoma Courtland hadi mwaka 1967, kisha akajiunga na Chuo cha Alabama A&M, akahitimu masomo ya biashara mwaka 1971. Aliimba sauti ya pili katika kwaya ya chuo na baadaye ya kanisa hili la Mount Pilgrim. Tukiwa wakweli, na humu kanisani yafaa tuwe wakweli, aliimba kwa nguvu kuliko kwa usahihi.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika ofisi ya mikataba ya serikali mjini Huntsville, akadumu humo miaka thelathini na minane. Kazi yake ilikuwa kufunga mikataba. Wengi wetu hudhani mkataba huisha mzigo ukishapokelewa. Yeye alijua hapo bado: sharti kila kilichoahidiwa kiwe kimeletwa, kila kifaa kilichoazimwa serikalini kiwe kimerudi, na mwisho mwenye kiwanda atie saini karatasi isemayo kwamba hana madai mengine. Chini ya karatasi hiyo palikuwa na mstari wa "isipokuwa", kwa mwenye neno lililobaki. Bila saini, jalada halifungwi. Wenzake walimwita Dada Amina, kwa kuwa hakuna kilichokwisha mpaka yeye aseme.

Mei 1983 alikabidhiwa jalada lililokaa wazi miaka saba. Lilikuwa la Bwana Royce Hargrove, mwenye karakana ya vyuma huko Decatur. Yote yalikuwa tayari ila kipimo kimoja cha serikali, kijiti cha chuma chembamba kama sindano ya kufumia, cha kukagulia upana wa matundu. Bwana Royce, kapera wa miaka thelathini na saba, alifika ofisini kueleza kwamba hakijulikani kilipo. Alikuja na pai ya pichi. Alipomwona Bi. Verlene alisahau maelezo yote, akamkatia sahani moja.

"Kula kwanza, Bi. Odom."

"Siwezi kula cha mtu ambaye jalada lake liko mezani kwangu. Ndiyo sheria."

"Na likifungwa?"

"Likifungwa, utakuwa mtu kama watu wengine. Tutaona."

Bwana Royce aliipindua karakana nzima kwa wiki tatu, asipate kitu. Ikabidi Bi. Verlene aende mwenyewe kukagua. Walipofika jikoni, katika nyumba iliyo nyuma ya karakana, mama yake Royce, Bi. Eula, alikuwa anatoa pai kwenye oveni. Akachomoa kijiti cha chuma mfukoni mwa aproni, akaichoma pai katikati kuona kama imeiva. Bi. Verlene akasogea. Kijiti kilikuwa na namba.

"Mama," alisema Bi. Verlene, "hiyo ni mali ya serikali."

"Basi serikali imeonja pai zangu miaka saba," alisema Bi. Eula, "na siku moja haijasema asante."

Jalada lilifungwa Ijumaa. Jumamosi Bwana Royce alikuwa barazani kwa kina Odom na pai nzima. Walifunga ndoa tarehe 16 Juni 1984, wakajaliwa binti mmoja, Jocelyn.

Mwaka 2021 moyo wa Bi. Verlene ulianza kuchoka. Januari mwaka huu madaktari walipomwambia ukweli, alichukua kalamu. Alirudisha funguo za jiko la kanisa, kitabu cha maktaba, na sufuria ya mke wa mchungaji, ambaye hata hakukumbuka kumwazima. Likabaki jambo moja. Aliandika karatasi ya kutokuwa na madai, akampa mumewe.

"Tia saini, Royce. Sitaki kuondoka na jalada wazi."

"Sisaini. Nikisaini utaondoka."

"Kuondoka nitaondoka tu, mpenzi. Nataka niondoke nikijua huna kinyongo na mimi."

Walicheka, wakalia, wakacheka tena, na saini haikupatikana. Bi. Verlene alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, saa nne asubuhi, karatasi ikiwa kando ya kitanda. Jambo hilo limemkosesha Mzee Royce raha wiki nzima.

Ameacha mume, binti yake Jocelyn, wajukuu wawili, Emmett na Odette, kaka yake Lucius, mpwa wake Corliss anayewasomea haya, na kwaya ambayo leo imesikia sauti za waimbaji wake wengine kwa mara ya kwanza.

Maneno yafuatayo hayamo katika ratiba mliyoshika, kwa kuwa yametokea leo. Asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, Mzee Royce alivaa miwani akatia saini. Karatasi imo ndani ya jeneza, mkononi mwa mkewe. Kwenye mstari wa "isipokuwa" ameandika: "Sahani moja ya pai ya pichi, aliyoikataa Mei 1983. Nitaidai tukionana."

Dada Amina amemaliza. Apumzike kwa amani, na sahani aiweke tayari.