Kiti Kilichotazama Ukuta: Maisha ya Wakili Kisiki

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Wakili Kisiki, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake, seremala. Alikuwa wa kwanza kati ya wawili. Aliyemfuata ni dada yake, muuza samani kuukuu, ambaye hajawahi kushindwa bei na mtu isipokuwa kaka yake.

Mwaka 1972 aliingia ile shule ya sheria yenye ngazi za mawe, ambako picha za wahitimu mashuhuri hutundikwa toka chini mpaka juu: majaji, mawaziri, na wengine ambao hata wake zao hawajui walifanya nini. Alihitimu 1976, akiongoza darasa. Mwaka 1989 naye akatundikwa.

Kwa miaka arobaini na mbili alifanya uwakili katika chumba kimoja juu ya duka la viatu. Mwaka 1998 shule hiyohiyo iliwapa wapishi na wafua nguo wake thelathini na mmoja siku tatu wahame nyumba walimozalia watoto. Marehemu akaishtaki shule iliyomfundisha kushtaki. Aprili 2000 akashinda, na hakuna aliyehama.

Picha ilishushwa wiki ileile. Tena wana mila yao: kwenye chakula cha wahitimu, kila Septemba, aliyeiaibisha shule kiti chake hugeuzwa kitazame ukuta. Mwenye haya harudi. Marehemu alirudi mara kumi na tisa, akala sahani ikiwa mapajani. Mkewe, muuguzi aliyemwoa tarehe 8 Agosti 1981, alimuuliza, "Baba watoto, huoni aibu?"

"Aibu ya nini? Ukuta haunidanganyi, wala hauniombi chumvi."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2017. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2019, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Jumamosi mkuu wa shule alifika msibani na joho jekundu la kufunika jeneza. Picha, alisema, imesharudi ukutani.

"Mama, marehemu ni fahari yetu."

"Fahari gani mnailisha ikiwa imewapa kisogo?" dada mtu akamjibu.

"Ile ni mila tu, mama."

"Basi leteni kile kiti. Mkigeuze wenyewe, watu wakiona. Ndipo tuzungumze habari ya joho."

"Hakijawahi kutoka nje ya lango!"

"Na joho halijawahi kuingia mlango huu."

Jana mchana walikileta. Mkuu akakiweka barazani kikitazama ukuta, kisha akakigeuza kwa mikono yake, majirani wakimtazama. Dada mtu akakitikisa miguu. "Mbao nzima. Ubovu uko kwa wenyewe."

"Na joho, mama?"

"Si nilisema tutazungumza? Tumezungumza. Hapana."

Kiti ndicho hicho mnachokiona mbele. Amekikalia mpishi mkuu wa zamani, aliyezeekea katika nyumba aliyotetewa. Wenzetu wa shule wako mstari wa nyuma, na viti vyao vinatazama mbele kama vya wengine. Sisi hatugeuzi viti vya wageni.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Apumzike kwa amani, akitazama upande anaoutaka mwenyewe.