Harub bin Khalfan, Mtoto wa Tabora

Zamani Maskati mtu akishikwa na homa jirani waliuliza kama kaumwa na mbu. Siku hizi wanauliza kama ana bima.

Mdogo wangu Harub alizaliwa Tabora, Aprili 1952. Homa ilimshika kabla hajaota meno, ikamrudia kila masika. Ndugu zetu wawili iliwazika, yeye ilimzoea. Alisoma Kurani chuoni, kisha shule hadi darasa la saba.

Mwaka 1975 alihamia Maskati, akaajiriwa kikosi cha kuua mbu. Visima vya mtaa wa Bustan alivipita kimoja kimoja, akitia vijisamaki vinavyokula viluwiluwi. Mbu hawakwisha. Iliyokwisha ni homa, kwani kila mgonjwa alitafutwa, akapimwa, akatibiwa, hata mbu wakawa wanauma watu wasio na cha kuwaambukiza. Tabora kazi hiyo haikufika mwisho. Hiyo ndiyo tofauti ya nchi na nchi, wala si hewa.

Alimwoa Ruba mwaka 1981. Siku ya harusi alichungulia kwanza birika la maji uani kwa wakwe. Mama mkwe akauliza, "Huyu kaja kuoa au kukagua?"

Januari mwaka huu alikwenda Tabora kuzuru kaburi la baba, mara ya kwanza tangu ahame. Binti yake, Ibtihal, alimnunulia vidonge vya kinga.

"Baba, umevimeza?"

"Meza wewe, mtoto wa kiyoyozi. Mimi mbu wa Tabora wananijua."

Hawakumjua. Kinga ya kuizoea homa mwili huishika kwa kuambukizwa kila mara. Ukikaa miaka mingi katika nchi safi, unarudi kama mtoto mchanga. Nchi hiyo aliisafisha kwa mikono yake, ila kwamba imemwondolea kinga hakutaka kuamini.

Alirudi na homa. Zahanatini alipewa dawa ya mafua, naye safari hakuitaja. Aliona haya, mtoto wa Tabora kuugua malaria. Akakaa nyumbani kungoja ipite. Ikapanda kichwani. Alilazwa Jumatatu, akafariki Alhamisi, tarehe 12 Februari 2026.

Ameacha mjane, Ruba, binti, Ibtihal, na wajukuu wanne wanaodhani malaria ni jina la mji. Mola amsamehe ujuba wake, ampe utulivu alikolala.

Mara ya mwisho nilipomwona, madaktari vijana walikuwa wamezunguka kitanda, kwa kuwa ugonjwa huu hawajapata kuuona ila vitabuni. Mmoja alimfunua kope kutazama manjano ya macho. Harub aliwadhani wageni waliokuja kumjulia hali.

"Karibuni, wanangu," akasema. "Ibtihal, wape kahawa."

Wakaandika, wakatoka.